Drafti ya NFL 2025: mkimbiaji wa chuo unampimaje kabla hujamwita nyota? Uzi maalumu wa raningi beki

#1 Mwanayadi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Drafti, ambapo timu za NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, zinachagua wachezaji wa vyuo kwa zamu, raundi saba, inaanza Alhamisi hii, Aprili 24, 2025, kule Green Bay, Wisconsin. Kwenye nyuzi nyingine naona watu wanapanga wakimbiaji kwa jumla ya yadi peke yake: huyu kakimbia 1,700, yule 1,500, basi huyu mkali kuliko yule. Kwa raningi beki, yaani mkimbiaji anayebeba mpira, hesabu hiyo inapoteza watu, na imewapoteza hata wenye timu zao.

Hoja yangu ni moja na nitaing'ang'ania uzi mzima. Kabla hujampa mkimbiaji sifa, toa kwanza alichopewa na wengine. Yadi mbili tatu za mwanzo za kila mbio ni jasho la wale watano wa safu ya mbele wanaofungua njia. Nyingine anapewa na mfumo wa kocha unaowatawanya mabeki uwanja mzima. Kinachobaki ndicho chake, na ndicho atakachohama nacho kwenda NFL.

Chukueni mwaka 2012. Cleveland Browns walimchukua Trent Richardson nafasi ya 3. Alikuwa ametoka Alabama na yadi 1,679 na tachidauni 21 (kufikisha mpira mwisho wa uwanja wa wapinzani) za kukimbia kwa msimu mmoja, nyuma ya safu ambayo timu nyingi za vyuo zilikuwa zinaiota tu. Msimu wake wa kwanza NFL alipata yadi 950, wastani wa 3.6 kwa kila mbio. Septemba 2013 akapelekwa Indianapolis Colts kwa chaguo la raundi ya kwanza, na huko msimu huo wastani ukaanguka hadi 2.9. Baada ya msimu wa 2014 hakucheza tena mechi ya NFL. Ukirudia video zake unaona jambo lilelile kila mara: mlango umefunguka pembeni, yeye anagonga mgongo wa mwenzake.

Drafti hiyohiyo, raundi ya 6, nafasi ya 173, Washington walimchukua Alfred Morris kutoka Florida Atlantic. Timu yake ya chuo ilikuwa imeshinda mechi moja tu msimu mzima. Hakuwa na kasi ya kutisha, hakuna aliyekuwa anamfungulia mlango, kwa hiyo alishazoea kujitafutia. Mwaka wake wa kwanza: yadi 1,613.

Nikiangalia video ya kijana naanza na macho, na hapo nakaa kuliko popote. Kuna mbio za zoni, ambapo safu nzima inasukuma upande mmoja na mkimbiaji anasoma mwenyewe upenyo utatokea wapi: aendelee nje, apenye katikati, au akate arudi upande alikotoka. Kuna mbio za gepu, ambapo njia imepangwa toka ubaoni. Mtu mmoja wa safu anazunguka kwenda kumwondoa beki fulani, na kazi ya mkimbiaji ni kumfuata kwa subira bila kumpita. Kijana aliyelelewa kwenye gepu tupu anaweza kuwa na yadi 1,500 na bado usijue kama anajua kusoma. Kwa hiyo natafuta mbio zilizoharibika, zile ambazo beki kashapenya kabla mkimbiaji hajatulia na mpira. Mbio ya yadi 3 iliyotakiwa kuwa hasara ya 2 inaniambia mengi kuliko ile ya yadi 60 ambayo hakuguswa na mtu.

Kaleb Johnson wa Iowa ndiye mwenye shule nzuri ya zoni ya nje mwaka huu: yadi 1,537 na tachidauni 21 za kukimbia. Anasubiri, anasubiri, halafu mguu mmoja unakita na anapanda moja kwa moja. Timu ya zoni ikimpata raundi ya tatu imefanya biashara nzuri. Akiangukia timu ya gepu, nitamhurumia.

Baada ya macho naangalia yadi anazopata akishaguswa, na mabeki wangapi anawapiga chenga au kuwaachia mikono mitupu. Hapo ndipo Ashton Jeanty wa Boise State anapoachana na wenzake wote. Msimu wa 2024 alikimbia yadi 2,601 kwa mbio 374, pungufu ya yadi 27 tu kwa rekodi ya Barry Sanders ya 1988, ambayo ni 2,628. (Haki ya Sanders isemwe: yeye alizipata kwa mechi 11, Jeanty kwa 14.) Kwa hesabu za PFF, kampuni ya takwimu za mchezo huu, zaidi ya yadi 1,900 za Jeanty zilikuja baada ya beki wa kwanza kumgusa. Sasa, aliyeshika nafasi ya pili kwa yadi nchi nzima, Cam Skattebo wa Arizona State, alimaliza na 1,711 kwa jumla. Yaani ukimfutia Jeanty kila hatua aliyopiga kabla ya kuguswa, bado anaongoza Marekani nzima.

Mbio za yadi 40 kule Indianapolis, kwenye majaribio ya kila mwaka ya wachezaji wa vyuo, nazitumia, lakini pamoja na uzito wa mtu. Mwandishi Bill Barnwell alitunga kanuni rahisi: uzito kwa pauni mara 200, gawanya kwa muda wa yadi 40, kwa sekunde, uliopandishwa kipeo cha nne. Mia moja ni wastani. Saquon Barkley mwaka 2018 alikuwa na pauni 233, yaani kilo 106, akakimbia 4.40, anapata kama 124. Derrick Henry na kilo zake 112 alikimbia 4.54, anapata 116, na bado watu walisema ni mzito akaanguka hadi nafasi ya 45. Wa mwaka huu nimewapiga mwenyewe: Bhayshul Tuten 118, Omarion Hampton 112, Quinshon Judkins 110, RJ Harvey 109, TreVeyon Henderson 105, Kaleb Johnson 103. Jeanty hakukimbia Indianapolis.

Lakini kanuni hii ni chujio tu. Kareem Hunt alikimbia 4.62, anapata 95 hivi, chini ya wastani; mwaka 2017 akaongoza NFL nzima kwa yadi 1,327 akiwa mgeni wa ligi.

Mwisho, kumlinda kotabeki, yaani mrusha pasi. Wapo makotabeki wanaolipwa zaidi ya dola milioni 50 kwa mwaka. Hakuna kocha atakayemwacha uwanjani kijana asiyejua kumzuia lainibeka (beki wa katikati) anayekuja kasi, hata awe na miguu ya dhahabu. Henderson wa Ohio State anaifanya kazi hiyo kwa moyo, kifua mbele, kuliko wote mwaka huu. Mwangalieni.

Mpangilio wangu: Jeanty, halafu Hampton, kisha Henderson na Judkins, wakifuatiwa na Johnson na Harvey. Hampton nampa nafasi ya pili kwa sababu ana kilo 100, alikimbia 4.46, na yadi zake 1,660 za mwaka jana alizipata North Carolina, timu iliyoshinda mechi 6 tu. Dylan Sampson wa Tennessee ana yadi 1,491 na tachidauni 22, lakini mfumo wao unawaweka wapokeaji karibu kabisa na mistari ya pembeni, katikati panabaki wazi. Nampenda, ila kwa hoja yangu ileile lazima nimkate.

Nawasilisha. Karibuni.

#2 KipaMstaafu

Mkuu asante kwa elimu. Mimi ni mtu wa Ligi Kuu, mchezo huu naanza kuufuata. Naomba kuuliza: kwa nini timu isinunue mkimbiaji ambaye tayari ameshajulikana badala ya kubahatisha na watoto wa chuo?

#3 Mwanayadi

KipaMstaafu karibu sana mkuu. Ni suala la mkataba. Anayetoka drafti anasaini miaka minne kwa mshahara uliopangwa kulingana na nafasi aliyochaguliwa, na wa raundi ya kwanza timu ina haki ya kuongeza mwaka wa tano. Mkimbiaji anaumia mapema kuliko nafasi nyingine, na wengi wakikaribia miaka 27 au 28 miguu inaanza kupungua. Kwa hiyo miaka yake mizuri mara nyingi ndiyo hiyo ya mkataba wa kwanza. Ukimnunua baadaye unalipa pesa nyingi kwa kipande kilichobaki.

#4 Raundi_ya_Tatu

Hapo ndipo mimi na wewe tunapopishana, Mwanayadi. Hoja yako naikubali asilimia mia, ila hutaki kuifuata hadi mwisho. Kama yadi ni za safu, kwa nini umpe mkimbiaji nafasi ya 6 au ya 12? Chukua mtu wa safu!

Angalia drafti ya 2017, darasa bora la wakimbiaji ambalo mimi nimeliona. Leonard Fournette alienda nafasi ya 4, Christian McCaffrey ya 8. Sawa, McCaffrey ni mtu na nusu. Lakini Dalvin Cook alipatikana ya 41, Alvin Kamara ya 67, Kareem Hunt ya 86, James Conner ya 105, Aaron Jones ya 182, Chris Carson ya 249. Austin Ekeler hakuchaguliwa kabisa, katoka chuo kidogo cha Colorado. Jaguars waliompa Fournette nafasi ya 4 walimwacha aende Agosti 2020, miaka mitatu tu baadaye.

Mwaka 2013 na 2014 hakuna mkimbiaji hata mmoja aliyeitwa raundi ya kwanza. Mwaka jana vilevile. Timu zilikuwa zimeshajifunza. Sasa kwa sababu Barkley kakimbia yadi 2,005 akiwa na Philadelphia Eagles na kubeba Super Bowl, kila mtu anataka kurudi tulikotoka. Barkley huyohuyo alikuwa New York Giants mwaka 2023 na wastani wa 3.9. Philadelphia akapata 5.8. Miguu ni ileile, kilichobadilika ni ukuta.

#5 Mwanayadi

Raundi_ya_Tatu nakuheshimu sana mkuu, na darasa la 2017 umelitaja vizuri. Ila umetaja waliofanikiwa peke yao. Raundi ya tatu hadi ya saba kila mwaka zina wakimbiaji wengi ambao leo hakuna anayewakumbuka. Anayesubiri raundi ya tatu hapewi Kamara mkononi. Anapewa nafasi ya kubahatisha.

Tena mtazame Kamara mwenyewe. Tennessee alikimbia mara 210 tu katika misimu miwili. Aliyekuwa anahesabu jumla ya yadi alimpita bila kumwona. Aliyekuwa anaangalia jinsi anavyobaki wima akigongwa, na jinsi anavyopokea mpira, alimwona. Waliokosea walikosea kwa kupima vibaya.

Kuhusu Barkley nakubali kabisa kwamba ukuta ndio uliobadilika. Ndiyo maana siwashauri Raiders wenye nafasi ya 6 wamchukue Hampton, wala Judkins. Jeanty nampa ruhusa kwa sababu yadi zake nyingi alizipata mtu kamshika tayari. Kama kuna mkimbiaji ambaye safu mbovu haitammaliza upesi, ni huyu. Itampunguza, hilo siwezi kubisha.

#6 Mto_Ruzizi

Ndugu zangu salamu. Mimi niko hapa Boise, Idaho. Wakongo tuko wengi hapa, wengi tulifika kama wakimbizi, na watoto wetu wamekua na ule uwanja wa majani ya bluu. Ashton sisi tunamhesabu kama mtoto wa mtaa.

Kinachoniuma ni maneno ya kwamba amekimbia mbele ya timu dhaifu kwa sababu tuko kwenye kundi la vyuo la Mountain West. Septemba 7 tulienda kwa Oregon. Hiyo Oregon ilimaliza msimu wa kawaida na ubingwa wa Big Ten, kundi la vyuo vikubwa, bila kupoteza mechi. Ashton aliwapiga yadi 192 na tachidauni 3, tukafungwa 37 kwa 34 kwa mkwaju wa mwisho. Oregon walijua kila mpira unaenda kwa nani na hawakuweza kufanya kitu.

Na mjue historia yake. Baba yake alikuwa jeshi la majini la Marekani, na mtoto alianza kucheza mchezo huu Napoli, Italia, ndipo wakaja Texas. Amesimama na sisi hadi mwisho wakati wakubwa wa vyuo vingine wangeweza kumpa pesa kubwa zaidi. Mtu wa namna hiyo nitamtetea popote.

#7 Mwanayadi

Mto_Ruzizi, mechi ya Oregon ndiyo iliyonifanya nimfuate kwa karibu. Lakini tuseme na ya Penn State, Desemba 31: mbio 30, yadi 104, hakuna tachidauni, mkafungwa 31 kwa 14. Penn State walijaza watu katikati, wakawa wanamfikia wawili watatu kwa pamoja. Hata siku hiyo alikuwa anaongeza yadi mbili tatu kila akishikwa. Kwangu ile ndiyo video ya kumpima vizuri zaidi, maana Jumapili za NFL nyingi zitafanana nayo.

Kinachonitia wasiwasi kwake ni mzigo. Mbio 374 msimu mmoja ni nyingi kwa mwili wowote. Pia mwaka 2023 alipokea mipira 43 kwa yadi 569, mwaka jana 23 tu kwa yadi 138. Mikono anayo, walikuwa hawamtumii. Atakayemchukua ajue hilo.

#8 BintiColumbus

Kaka Mwanayadi, umewapita Henderson na Judkins haraka mno wakati kipimo chako bora kiko hapohapo. Wakimbiaji wawili, timu moja, kocha mmoja, safu moja, wapinzani walewale. Ukitaka kuondoa ukuta kwenye hesabu, Ohio State wamekuondolea bure.

Judkins: mbio 194, yadi 1,060, wastani wa 5.5. Henderson: mbio 144, yadi 1,016, wastani wa 7.1. Na kumbuka safu yetu haikubaki ileile. Josh Simmons, wa nje upande wa kushoto wa safu, aliumia goti Oktoba pale Oregon. Novemba Seth McLaughlin wa katikati akakatika kano ya kisigino. Kuziba pengo la Simmons, Donovan Jackson alihamishwa kutoka ndani kwenda nje. Wote wawili waliendelea kukimbia hadi ubingwa.

Mimi namweka Henderson wa pili, mbele ya Hampton. Ile tachidauni ya yadi 75 dhidi ya Texas kabla tu ya mapumziko, akipokea pasi fupi na kupotea, hakuna mwingine kwenye darasa hili angeifanya zaidi ya Jeanty.

#9 Mwanayadi

Dada BintiColumbus, hii ni hoja nzito na sijaona mtu mwingine akiiweka hivi. Niongeze upande wa pili tu. Safu ilikuwa moja, hali hazikuwa moja. Judkins alipewa kazi ya yadi mbili za lazima na mbio za mbele ya lango, ambako kila mtu anajua kinachokuja. Henderson aliingia mara nyingi kwenye hali za pasi, mabeki wakiwa wamesogea nyuma. Hiyo peke yake inakula sehemu ya tofauti ya 7.1 na 5.5. Kwenye fainali dhidi ya Notre Dame, Judkins alipata yadi 100 kwa mbio 11.

Wakimbiaji wa timu moja huwa wanawachanganya watu. Mwaka 2018 Georgia walitoa wawili: Sony Michel akaitwa nafasi ya 31, Nick Chubb ya 35. Chubb alikuwa ameumia goti vibaya mwaka 2015 na wengi walimwona amepungua. Ukilinganisha kazi zao za mbio tu, hakuna anayebisha leo kwamba Chubb ndiye alikuwa mkubwa.

#10 Mwalimu_wa_Zamu

Umetaja goti. Majeraha unayawekaje kwenye hesabu yako? Nadhani hiki ndicho kitu ambacho sisi wa mtandaoni hatuwezi kukipima.

#11 Mwanayadi

Kweli kabisa mkuu. Indianapolis watu wanaangalia mbio na kuruka kwa sababu ndivyo vinavyoonyeshwa kwenye televisheni, lakini kwa timu kazi kubwa kule ni madaktari. Kila timu inapata nafasi ya kumshika kijana goti na kumpiga picha.

Na hata wao wanakutana na mambo mawili tofauti kabisa. Frank Gore aliharibu magoti yote mawili akiwa Miami. San Francisco 49ers walimchukua 2005 raundi ya tatu, nafasi ya 65. Alicheza misimu 16, akamaliza na zaidi ya yadi 16,000, wa tatu katika historia nzima ya ligi. Mwaka 2013 timu hiyohiyo ya 49ers ikamchukua Marcus Lattimore wa South Carolina raundi ya nne baada ya goti lake kuvunjika vibaya mno Oktoba 2012. Kijana alipambana, akastaafu 2014 bila kucheza mechi hata moja. Nilikuwa nampenda sana Lattimore, na hadi leo video ile siitazami.

Todd Gurley yuko katikati. Goti lilikatika Georgia Novemba 2014, Rams wakamchukua nafasi ya 10, akawa mgeni bora wa safu ya ushambuliaji wa 2015. Lakini goti lilirudi kumdai, na Machi 2020 Rams wakaachana naye. Alikuwa na miaka 25.

Kwa mwaka huu, Henderson alisumbuliwa na mguu 2022. Hiyo ndiyo sababu mojawapo sijampandisha mahali dada BintiColumbus anapotaka.

#12 Shujaa254

Kaka, uzi safi sana. Niko Dallas na najua Cowboys wako nafasi ya 12, wamemleta Javonte Williams lakini sisi mashabiki tunamtaka Jeanty. Swali langu ni la nyumbani. Sisi Wakenya tuna vijana wa raga ya saba wenye kasi na chenga. Kwa nini wasijaribu kuwa raningi beki?

#13 Mwanayadi

Shujaa254, njia ipo, ni ngumu tu. Kenya tayari ina historia: Daniel Adongo alitoka raga akaingia Colts 2013, ila walimfanya lainibeka. Upande wa wakimbiaji, Christian Wade wa Uingereza alijiunga na Buffalo Bills, na mpira wake wa kwanza kabisa kwenye mechi ya maandalizi Agosti 2019 aliukimbiza yadi 65 hadi tachidauni. Hakuwahi kucheza mechi rasmi ya msimu. Louis Rees-Zammit wa Wales alijaribu mwaka jana na Chiefs, kisha Jaguars, naye hakucheza mechi rasmi ya msimu.

Kasi na chenga ya raga inahamishika. Kisichohamishika haraka ni kusoma mabeki kabla mpira haujachezwa, kujua nani anakuja kumvamia kotabeki na nani anajifanya. Kijana wa Texas analifanya hilo tangu akiwa mdogo. Anayetaka kutoka Nairobi aanze akiwa shule ya sekondari, apate chuo cha Marekani kwanza. Akija na miaka 24 amechelewa kwa nafasi hii.

#14 Raundi_ya_Tatu

Umesema miaka 24 imechelewa, na RJ Harvey wa UCF ana 24 tayari. Umemweka wa sita. Hapo vipi? Halafu Tuten ana 118 kwenye kanuni yako, amekimbia 4.32, wa kasi kuliko wakimbiaji wote Indianapolis, na hayumo kabisa kwenye sita zako.

#15 Mwanayadi

Harvey alianza chuo kama kotabeki kule Virginia, kwa hiyo miguu yake haijachakaa kama umri unavyosema. Yadi 1,577 na tachidauni 22 mwaka jana, na miaka yote miwili ya mwisho alipita 1,400. Simpi mkataba wa pili. Mkataba wa kwanza utamkuta na miaka 24 hadi 27, na hiyo miaka minne ndiyo timu inayoinunua.

Tuten ni suala la mpira kumtoka mikononi. Virginia Tech alidondosha mara nyingi mno, na kocha wa NFL akiona mara mbili anakukalisha benchi. Sisemi haitibiki. Tiki Barber wa Giants alikuwa na ugonjwa huohuo hadi 2004, makocha wapya chini ya Tom Coughlin wakamfundisha kuubana mpira juu, karibu na kifua, na akawa mtu mwingine kabisa. Kwa hiyo raundi ya nne Tuten namchukua bila kufikiri mara mbili, nikiwa na kocha mvumilivu. Raundi ya pili hapana.

#16 Mto_Ruzizi

Na Skattebo? Hujamsema. Ile mechi ya Januari mosi na Texas alitapika pembeni ya uwanja akarudi kucheza.

#17 Mwanayadi

Mto_Ruzizi umenikumbusha mtu ninayemwogopa kumpanga. Siku hiyo alikimbia yadi 143, akapokea za 99, na akarusha mwenyewe pasi ya tachidauni ya yadi 42. Walifungwa 39 kwa 31 baada ya nyongeza mbili. Msimu mzima alipokea mipira 45 kwa yadi 605, hesabu ambayo hakuna kati ya sita wangu anaikaribia. Alianzia Sacramento State, chuo cha daraja la chini, kwa hiyo hakuna aliyembeba.

Kasi ya mwisho hana. Akitoka nje ya safu, mabeki wa nyuma wa NFL watamfikia, na mbio ambayo chuoni ingekuwa ya yadi 40 itakuwa ya yadi 15. Lakini kwa kipimo nilichoanza nacho uzi huu, ukitoa safu na ukitoa mfumo, anabaki na mengi kuliko Sampson, na mengi kuliko Judkins kwenye kupokea. Namweka wa saba, raundi ya nne mwanzoni. Timu yenye kotabeki kijana anayehitaji mtu wa kumtupia mpira mfupi akizidiwa, ndiyo ninayotaka imchukue.